Kwa nini hukughairi?

Siku niliyoruka peke yangu kwa mara ya kwanza, ndege iligusa ardhi mara nne. Ilitakiwa iguse mara moja.

Mguso wa kwanza haukuwa mbaya sana, ulikuwa mzito tu. Ndege ikadunda. Badala ya kutulia nikasukuma usukani mbele ili niirudishe chini kwa lazima. Ikadunda tena, safari hii juu zaidi, pua ikitazama chini, na kila nilipojaribu kurekebisha nilijikuta nimechelewa nusu sekunde. Mdundo wa mwisho ulipokwisha tulikuwa tunakimbia juu ya lami, mimi na viti vitatu vitupu, gurudumu la mbele likitetemeka kama linataka kung'oka.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye nyasi, mikono mfukoni. Nilipozima injini alikuja taratibu, akachuchumaa, akalikagua gurudumu la mbele, akapapasa chini ya injini kutafuta ufa, akanyanyuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa pongezi au kwa matusi. Akaniuliza swali moja tu: "Ilipodunda ile ya kwanza, kwa nini hukughairi?"

Nikawa mdogo kama piritoni. Kughairi kutua nilikujua. Nilishafanya mara nyingi naye akiwa pembeni yangu: unasukuma kishikio cha nguvu hadi mwisho, unainua pua, unapandisha flapu, vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa, kidogo kidogo, unapaa, unazunguka, unakuja tena. Mtoto anaweza kukariri. Lakini kichwani mwangu siku ile nilikuwa nimeshatua zamani, nimeshashuka, nimeshaanza kuwasimulia watu.

Leo mimi ndiye ninayekaa kiti cha kulia, kiti cha mwalimu. Watu wakiniuliza shule ya urubani inafundisha nini hasa, huwa nawajibu: inafundisha kughairi. Wanacheka. Wanadhani nimelikwepa swali.

Sijalikwepa. Kuirusha ndege kwenyewe si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Ndege ndogo ya mafunzo, tuseme Cessna 172, ambayo tangu miaka ya 1950 zimeundwa zaidi ya 40,000, imesanifiwa kana kwamba inataka kuruka. Ukishaiweka sawa na kuachia usukani, inaendelea na safari yake. Katika somo la kwanza kabisa mwanafunzi anaishika mwenyewe angani, na baada ya masomo machache anaipaisha mimi nikiwa nimekunja mikono. Kama kazi ingekuwa hiyo tu, mwezi mmoja ungetosha na chenji ingebaki.

Kima cha chini kilichowekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, 10 kati ya hizo ukiwa peke yako. Leseni ya rubani wa biashara, anayeruka kwa malipo, ni saa 200, au 150 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Marekani wanataka 250 kwa kawaida, na saa 1,500 kwa kuingia kazini kwenye shirika kubwa la abiria, sheria iliyotokana na ajali ya ndege ya karibu na Buffalo, New York, ya Februari 2009 iliyoua watu 50. Hizo zote ni sakafu. Sijamwona mwanafunzi aliyenyooka na zile 40 kamili, na ningemwona ningeingiwa na wasiwasi.

Saa hizo tunaziandika kwenye daftari kwa sehemu za kumi. Dakika sita ni 0.1. Shikilia hapo kwenye 0.1, maana mwanafunzi analipia kila moja.

Darasani sitakaa sana. Kuna sheria za anga, hali ya hewa, ramani na mahesabu ya safari, uzito na mlingano wa ndege, injini, mwili wa binadamu ukiwa juu, mawasiliano ya redio. Wengi wanaingia wakiamini hesabu ndiyo itakayowaangusha, kumbe kinachowaangusha ni hali ya hewa, kwa sababu hesabu unaweza kuikariri ila wingu huwezi.

Kughairi kunaanza kufundishwa ndege ikiwa bado imefungwa kamba chini. Mwanafunzi anaizunguka akigusa kila kitu: kingo za mabawa, bawaba, matairi, propela kama ina nyufa. Ana kikombe kidogo cha plastiki angavu, anakinga mafuta kidogo chini ya kila tangi na kuyainua kwenye mwanga. Mafuta ya injini zetu, aina ya 100LL, hutiwa rangi ya samawati makusudi ili usiyachanganye na mengine. Maji yakiwa yameingia kwenye tangi hukaa chini kwa kuwa ni mazito, na kwenye kikombe unayaona kama shanga isiyo na rangi iliyolala chini ya samawati. Mwanafunzi wangu mmoja alikinga kikombe, akakitazama kwa makini, akaniambia, "Safi mwalimu, sioni mstari wowote." Ni kweli mstari haukuwepo. Kikombe kizima kilikuwa maji. Mpaka hukaa kati ya vitu viwili, na pale kulikuwa na kitu kimoja.

Sikumgombeza. Nilimwambia anuse. Akanusa, akanitazama, uso ukambadilika. Siku ile hatukuruka, na nina hakika alijifunza mengi kuliko siku nyingi alizoruka.

Baada ya hapo inakuja orodha ya ukaguzi, ambayo wanafunzi wenye kipaji huiona kama dharau. Tarehe 30 Oktoba 1935, pale Wright Field katika jimbo la Ohio, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Aliyekuwa usukanini, Meja Ployer Hill, hakuwa mwanafunzi. Alikuwa rubani wa majaribio wa jeshi. Kifaa kinachofunga mikia isipepesuke kwa upepo ndege ikiwa imeegeshwa hakikuwa kimefunguliwa. Marubani wenzake hawakudai mtu mwenye akili zaidi ya Hill. Waliandika orodha. Ndege ile ile baadaye ikawa B-17, na ikaundwa kwa maelfu. Mwanafunzi akiniambia ameshaikariri orodha, namwambia vizuri, sasa isome.

Kuna mtu ninamheshimu sana katika historia ya kazi hii, Robert Smith-Barry, Mwingereza. Mwaka 1917, vita vikiwa vimepamba moto na wanafunzi wa urubani wakifa mazoezini kwa wingi, alifungua shule pale Gosport na kugeuza utaratibu wote. Kabla yake mwanafunzi aliambiwa aepuke hatari, basi. Smith-Barry alisema hapana, mpeleke hatarini ukiwa naye. Alitumia ndege aina ya Avro 504 zenye vishikio viwili, kimoja cha mwalimu na kimoja cha mwanafunzi, na mwalimu alizungumza kupitia mpira mrefu ulioingia kwenye kofia ya mwanafunzi. Waliitia ndege katika mzunguko, ile hali ambayo ndege inaanguka huku ikizunguka kama pia, wakaitoa, wakaiingiza tena, mpaka mwanafunzi akaacha kuiona kama kifo.

Kila shule nzuri leo bado inafundisha kwa mtindo huo. Tunapanda hadi kimo cha kutosha, napunguza nguvu, namwambia mwanafunzi aendelee kuinua pua. Kelele za upepo zinapungua. Usukani unalegea mkononi kama kamba iliyokatika. King'ora kinaanza kulia. Bawa likikutana na hewa kwa pembe kubwa kupita kiasi, kwa ndege nyingi kama digrii 15 hivi, hewa inaachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kuinua inaporomoka. Hii ndiyo marubani wanaiita stoli. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Pua inaanguka. Mikono ya mwanafunzi inafanya kile ambacho mikono ya kila mwanadamu hufanya anapoanguka: inavuta. Na kuvuta ndiko kulikotufikisha hapo. Dawa ni kusukuma mbele, kuelekea kule kule unakokuogopa, bawa lipate hewa.

Nimeshamwona mtu wa hesabu kali aliyenichorea hali hii yote ubaoni bila kosa, akavuta. Tukarudia. Akavuta. Mara ya saba mkono ukaghairi wenyewe. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France namba 447 ilianguka katika Atlantiki na watu 228. Mirija inayopima mwendo iliganda kwa barafu, rubani otomatiki akajiondoa, na ndege iliyokuwa nzima kabisa ikashuka kutoka zaidi ya futi 35,000 ikiwa kwenye stoli, pua ikiendelea kuinuliwa karibu muda wote. Waliokuwa mbele walikuwa na leseni zote. Tangu hapo mashirika yamerudisha mafunzo ya kuitoa ndege kwenye hali zisizo za kawaida, na mimi nasema yalichelewa.

Mwili una uongo mwingine mbaya zaidi. Namvalisha mwanafunzi kofia yenye ukingo mrefu, haoni nje, anaona vipimo tu. Namwambia afumbe macho na ainamishe kichwa. Naigeuza ndege kulia, taratibu mno, nakaa hivyo nusu dakika. Majimaji ya sikio la ndani yanayotupa habari za kuzunguka huizoea kona ile na kunyamaza. Kisha nainyoosha. "Tunaelekea wapi?" namuuliza. "Tunapinda kushoto, mwalimu." Anajibu bila shaka hata chembe, na akifumbua macho kipimo kinamwonyesha mabawa yamelala sawa. Kuna ukimya mfupi hapo ninaoupenda. Ni mtu anachagua kati ya mwili wake na kioo cha sentimeta nane.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutazama vipimo tu na kuwaingiza katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wa haraka alidumu sekunde 20, wa mwisho 480, wastani 178. Hesabu yangu ya mafunzo inaanzia kwenye hizo dakika tatu. Ndiyo maana rubani asiye na ruhusa ya kuruka kwa vipimo akiona wingu mbele, tunamfundisha ageuke arudi alikotoka, mapema, wakati bado kugeuka kunaonekana kama uoga.

Nyingi ya kazi hii siku hizi inafanyika kwenye simuleta, mashine ya chini inayoigiza ndege. Edwin Link, kijana wa Binghamton, New York, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake, alitumia mifuko ya hewa ile ile ya vinanda kuunda kisanduku chenye mabawa mafupi kilichoyumba kama ndege. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa kwa hali mbaya ya hewa, ndipo likanunua vifaa vyake 6. Simuleta za leo zinamfundisha rubani wa abiria aina mpya ya ndege kiasi kwamba safari yake ya kwanza kwenye ndege halisi inaweza kuwa na abiria nyuma. Naiamini kazi yao. Ila simuleta haikutoi jasho la namna ile, maana unajua mlango uko wapi.

Turudi kwenye kutua, maana hapo ndipo saa nyingi zinapokwenda. Mzunguko wa uwanja ni pembe nne: unapaa, unapinda, unakwenda sambamba na njia ya kurukia upande wa pili, unapinda tena, unajipanga. Ile 172 tunaileta kwa mwendo wa noti 65 hivi, karibu kilomita 120 kwa saa. Mwanafunzi mgeni anatazama lami iliyo mbele ya pua, kwa hiyo anaiona inamjia kama ukuta na anavuta mapema. Namwambia atazame mwisho wa njia, mbali kabisa. Siku atakayoacha kutazama chini ndiyo siku atakayoanza kutua. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili, na nimejaribu nyingi.

Kanuni inayotumika hata kwenye ndege kubwa ni kwamba ukifika futi 1,000 kukiwa na mawingu, au 500 kukiwa na mwanga mzuri, kila kitu kiwe kimetulia: mwendo, mstari, mteremko, magurudumu. La sivyo unaghairi. Rahisi, siyo? Flight Safety Foundation, taasisi ya usalama wa anga, ilipolichunguza jambo hili ilikuta kwamba katika kila mara 100 ambazo marubani wa mashirika wanakaribia kutua bila utulivu huo, wanaoghairi ni kama 3 tu. Watu wenye maelfu ya saa! Niliposoma tarakimu hiyo nilimkumbuka kijana mmoja aliyegusa ardhi mara nne.

Na kuna kughairi kwa niaba ya mwenzako, ambako ni kugumu zaidi. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Nahodha wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, aliyeanza kupaa bila ruhusa alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake. Mhandisi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwamba imetoka, kwa mkazo. Hakuuliza tena. Mafunzo ya ushirikiano ndani ya chumba cha marubani yalizaliwa miaka michache baadaye, kutokana na ajali hiyo na nyinginezo. Mimi huanza nayo mapema, hata kwenye ndege ya watu wawili. Kuna siku nakosea makusudi, nasahau kitu kwenye orodha au nashuka chini ya kimo tulichopewa, nakaa kimya. Kuna wanafunzi wanaoniona na kunyamaza kwa adabu. Adabu hiyo naipiga vita kwa nguvu zangu zote, na bado inarudi.

Sasa lalamiko langu. Shule niliyosomea iliwalipa walimu kwa saa za kuruka. Mvua ikitishia na somo likaahirishwa, mwalimu alirudi nyumbani mikono mitupu. Mmiliki alisimama dirishani akihesabu ndege zilizobaki chini. Yaani mtu wa kutufundisha kughairi ndiye aliyepata hasara kila tulipoghairi. Walimu wenyewe wengi walikuwa vijana wenye leseni mbichi, wakijikusanyia saa ili waajiriwe na mashirika, ukimzoea, anaondoka. Mfumo huu umeenea kuliko tunavyopenda kukiri. Mzazi akiniuliza achague shule ipi, namwambia aende siku ya hali mbaya ya hewa akatazame wanafanya nini. Wakiwa darasani wanachora, aulize kuhusu ada.

Wiki iliyopita nilimwachia ndege binti niliyeanza naye tangu 0.0. Tulizunguka mara tatu, zote safi. Nikamwambia aegeshe pembeni, nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi, mwalimu?"

"Chini. Bila mimi ni nyepesi. Itapaa haraka, na wakati wa kutua itaelea kuliko ulivyozoea."

Alinitazama kama ninayemdai. Nikafunga mlango, nikasukuma kuhakikisha umekaza, nikasimama kwenye nyasi na redio ya mkononi.

Alipaa vizuri. Akaja vizuri. Ikaelea, kama nilivyomwambia, ikaelea tena, kisha ikagusa kwa uzito na kudunda. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha redio. Sikubonyeza, na sitajisifu kwamba ilikuwa hekima, nilikuwa nimeganda. Nikasikia injini ikinguruma. Pua ikainuka, ndege ikapita mbele yangu kwa kimo cha nyumba, na sauti yake ikasikika redioni ikiuambia mnara kwamba ameghairi, anazunguka tena. Sauti ilikuwa imekauka, ila kila neno lilikuwa mahali pake.

Mara ya pili aligusa mara moja.

Alipozima injini nilichuchumaa nikalikagua gurudumu la mbele, kwa mazoea tu. Akashuka akiwa amelowa mgongo mzima.

"Samahani mwalimu," akasema, "nimekusimamisha juani."

Nikamwomba daftari lake. Kwenye safu ya kuruka peke yake nikaandika 0.3. Angetua ile mara ya kwanza ingekuwa 0.2.